Chandarua Nilichofunikia Miche

Mke wangu alipewa chandarua kile kliniki alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, mwaka uleule nilioanza kuotesha miche ya parachichi nyuma ya nyumba tuliyopanga mjini Njombe. Kilikuwa kipya ndani ya mfuko wake, kinanuka dawa. Kwetu kule, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mbu ni wa kuhesabu. Juni na Julai unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani. Nilikifungua, nikakipasua katikati, nikafunikia kitalu ili kuku wasiparue. Mke wangu alisimama mlangoni akasema, "Baba, hicho ni cha mtoto." Nikamjibu kwamba mtoto anahitaji blanketi.

Ningeweza kuanzia wodi ya watoto, mahali nilipolia. Lakini kosa langu halikutokea wodini. Lilianza siku ile, kwenye kitalu, nilipoona kitu cha mtoto kinafaa zaidi kwenye biashara yangu.

Mtoto aliyezaliwa alikuwa wa kiume, na kuanzia miezi sita kifua kilimwandama. Kila kipupwe alikohoa. Mara mbili alilazwa kwa nimonia. Usiku tulifunga madirisha, tukaingiza jiko la mkaa chumbani, tukamlaza karibu na joto, nami nikakaa macho nikisikiliza pumzi yake ikipiga mluzi. Mzazi aliyewahi kusikia mluzi huo anajua kwamba ukishausikia, hufikirii kitu kingine. Mimi nilifikiria bahari. Nilijiambia kwamba mtoto huyu akipelekwa kwenye joto atapona, na fikra hiyo ikawa tamu kiasi kwamba sikuitafutia mtu wa kuipinga.

Nilikuwa na rafiki, fundi seremala mwenzangu, aliyehamia Tanga miaka minne kabla. Aliniambia kazi ipo, na kwamba vyumba ni vya bei nafuu ukilinganisha na Dar es Salaam. Nikaenda kuangalia mwezi wa Julai. Nilipanda basi usiku, nikashuka stendi ya Kange asubuhi, na upepo ulionipokea ulikuwa laini, unatoka kusini, hauchomi wala hauna baridi. Kwa mtu aliyetoka kwenye umande ulioganda, Tanga ya Julai ni pepo. Watu wanapita kwa baiskeli taratibu, mihogo inachomwa kando ya njia, bahari pale Raskazone imetulia. Mtu wa pwani angeniambia kwamba huo ni msimu wa kusi, kwamba kaskazi ikiingia Desemba joto hubadilika kabisa, na kwamba masika ya Machi hadi Mei ni habari nyingine tena. Hakuna aliyenificha. Sikuuliza.

Dalali alinionyesha nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, ua wake, choo chake, shilingi 70,000 kwa mwezi. Ilikuwa imesimama bondeni, mikoko inaonekana kwa mbali. Nilishangaa nyumba nzima kuwa bei ya vyumba viwili vya mahali pengine. Kuta zilikuwa na mstari wa rangi ya chai, kiasi cha goti kutoka chini, kuzunguka nyumba yote. Mimi ni fundi; najua maji yanavyoandika ukutani. Niliuona mstari ule, nikautazama, kisha nikauliza kama nikilipa mwaka mzima nitapunguziwa. Waliniondolea mwezi mmoja. Nikalipa palepale miezi 11, shilingi 770,000, mwaka uhesabiwe kuanzia Januari tutakapohamia, na nikatoka nikijiona mwerevu.

Jioni nilimpigia mke wangu. Alikuwa na maswali matatu, ameyaandika. Maji yakoje? Zahanati ya karibu iko wapi? Je, kuna malaria? La mwisho alilirudia, kwa sababu shangazi yake aliwahi kuolewa Muheza na alirudi kwao amekonda, akisimulia homa za huko. Nikamwambia, "Nimeshauliza kila kitu, mama. Usiwe na wasiwasi."

Sikuwa nimeuliza hata moja. Nimejaribu mara nyingi kulipa uongo ule jina dogo zaidi: matumaini, haraka, kutotaka kumtia hofu. Haukuwa hayo. Nilijua jibu la swali la tatu linaweza kuvunja safari, na tayari nilikuwa nimeshalipa.

Akiba yetu yote ilikuwa shilingi 2,400,000. Mke wangu aliweka hesabu kwenye daftari la shule, mstari kwa mstari: kodi, dalali, nafasi kwenye lori la mbao la kubebea vyombo, nauli za basi, sare na madaftari ya binti yetu aliyekuwa anaanza darasa la kwanza, chakula cha miezi miwili hadi kazi ishike. Katikati ya ukurasa aliandika: vyandarua viwili, 30,000. Nakumbuka mwandiko wake kwenye mstari huo kuliko ninavyokumbuka mwandiko wangu mwenyewe.

Tulihama wiki ya kwanza ya Januari ili binti yetu awahi shule. Basi lilipoanza kuteremka Kitonga, watoto walivua masweta, na pale Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na mibuyu, mdogo alibaki na fulana tu, anacheka. Kupita Mikumi waliona twiga. Mke wangu alinishika mkono. Siku hiyo tulikuwa na furaha ya kweli, na sitaki maungamo haya yaifute.

Nyumba ilitusubiri chini ya jua la kaskazi. Mabati matupu, hakuna dari. Ikifika saa nane mchana ndani hapakaliki. Usiku kuta zinaendelea kutoa joto zililolimeza mchana kutwa. Joto la Tanga lina maji ndani yake, jasho halikauki mwilini. Wiki haijaisha watoto wametoka harara shingo na mgongo, wanajikuna, hawalali. Maji ya kisima cha uani yalikuwa ya chumvi, hayaivishi maharage wala hayatoi povu la sabuni, kwa hiyo kila siku tukanunua madumu ya kunywa na kupikia kwa mwenye mkokoteni, gharama ambayo haikuwa na mstari kwenye daftari. Mke wangu alinitazama siku ya kwanza alipoonja maji yale. Hakusema neno.

Usiku mmoja mdogo alilia kwa joto hadi alfajiri. Kulipokucha nilichukua zile 30,000 za vyandarua, nikaongeza 35,000 kutoka kwenye pesa ya chakula, nikanunua feni. Nikamwambia mke wangu kwamba vyandarua tutanunua kazi ya kwanza ikilipa, na tena, mbu hawezi kuruka kwenye upepo wa feni. Hilo la mwisho lina ukweli kidogo, ndiyo maana lilikuwa hatari. Feni inafukuza mbu ikiwa inazunguka. Uniti za umeme wa LUKU zikiisha saa saba usiku, feni inasimama, nyumba inawaka, unafungua madirisha yasiyo na wavu, na mbu wa malaria, ambaye huuma usiku watu wakiwa wamelala, anakuta watoto wamelala uchi.

Kazi ya kwanza ililipa. Nikanunua msasa, gundi na randa ya pili. Ya pili ikalipa. Nikalipa deni la maji. Vyandarua vilihama kutoka mwezi hadi mwezi.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja, mtu mzima wa Kisambaa aliyeshuka kutoka Lushoto akiwa msichana. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akiitika "Marahaba mwanangu" kisha anauliza watoto walivyolala. Mwisho wa Machi, mawingu yalipoanza kujikusanya, alikuja hadi mlangoni na chandarua kilichokunjwa kwapani. Kilikuwa kikuukuu lakini hakikutoboka. "Nyinyi ni watu wa baridi kama nilivyokuwa mimi," akasema. "Chukua hiki, walalie hao watoto. Hapa bondeni maji yakija hayaondoki upesi." Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Tunavyo, bibi. Viko kwenye sanduku."

Alinitazama kwa kitambo, akarudi nacho kwake.

Sina la kujitetea kwa hilo. Pesa haikuhusika hapo. Kilikuwa cha bure, kimeletwa mlangoni na mtu anayeujua ugonjwa. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimehamisha familia, na mwanamume aliyehamisha familia sikutaka aonekane hana hata chandarua.

Masika yaliingia Aprili. Maji yalipanda ukutani hadi karibu na ule mstari wa rangi ya chai, yakakaa uani siku tisa, kisha yakabaki madimbwi. Mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu, alifurahia madimbwi. Tena kifua chake kilikuwa kimenyamaza kabisa. Tangu Januari hakukohoa. Jumapili tulimpeleka baharini, akaonja chumvi ya maji, akakunja uso, akaonja tena. Niliona ushahidi kwamba nilikuwa sahihi, na ushahidi huo ukanipofusha kwa yaliyokuja.

Wiki ya pili ya Mei aliamka na homa. Nikasema ni kile kifua. Mke wangu akasema hakohoi. Nikasema ni uchovu wa jua, tumpe dawa ya kushusha homa. Ilishuka mchana, ikapanda usiku. Siku ya pili akakataa uji, akatapika maji. Mke wangu alisema twende zahanati, na mimi, nikiwa na milango miwili ya kukabidhi kesho yake na mfukoni sina kitu, nilisema tusubiri kupambazuke. Alfajiri ya siku ya tatu macho yake yalipinduka, mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kucheza yenyewe. Bibi jirani alisikia sauti ya mke wangu. Aliingia bila kubisha, akamgeuza mtoto ubavu, akasema, "Degedege. Hospitali sasa hivi." Yeye ndiye aliyetoa nauli ya bajaji.

Kipimo kilitoa majibu ndani ya dakika chache. Malaria kali. Kiwango chake cha damu kilikuwa gramu 4.6 tu. Walimchoma sindano ya artesuneti, wakamwekea damu aliyoitoa rafiki yangu fundi, wakatuambia tungoje. Tulingoja mchana huo na usiku wake, kisha mchana na usiku mwingine kabla hajafumbua macho na kumwita mama yake.

Dawa ile nimesoma habari zake baadaye, kwa shukrani ambayo sijui nimpelekee nani. Asili yake ni aina ya pakanga, mmea wa China. Zamani mtoto mwenye malaria kali alipewa kwinini ya dripu. Kisha ukafanywa utafiti mkubwa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na matokeo yake yalitoka mwaka 2010: waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika kila 100, waliopewa artesuneti walikufa kati ya wanane na tisa. Baadhi ya watoto wale walitibiwa Muheza, mwendo mfupi tu kutoka Tanga mjini, kulekule shangazi wa mke wangu alikorudi amekonda. Wazazi wao walikaa kwenye benchi kama langu bila kujua ipi kati ya dawa hizo ni bora. Ninapowaza juu ya mwanangu, huwawaza wale.

Daktari wa wodi, kijana mpole, aliniuliza tumetoka wapi. Nilipotaja Njombe alitikisa kichwa, akanieleza jambo ambalo ningelipata kwa swali moja Julai ile. Mtoto anayezaliwa mahali penye malaria huumwa mara nyingi tangu uchanga. Wapo wanaokufa. Wanaobaki, mwili wao hujifunza kidogo kidogo kuvitambua vimelea, hata wakifika umri wa shule malaria mara nyingi huwapa homa, haiwafikishi kwenye degedege. Nilikuwa nimewaona watoto wa mtaa wakicheza kwenye madimbwi yaleyale, nikajiambia kwamba kama wao hawafi, wangu hatakufa. Sikujua kwamba uimara wao umelipiwa, na wapo ambao hawakuufikia. Mtoto wa nyanda za baridi hashuki na kinga hiyo. Hata mtu mzima hana, alisema. Mimi na mke wangu tulikuwa hatarini vilevile.

Bibi alilijua hilo bila maabara. Kumbe hata vitabu vinalijua siku nyingi. Daktari Mjerumani Robert Koch alipokuwa Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara waliposhuka nyanda za chini walipata homa, na homa yenyewe waliiita mbu, kwa jina la mdudu aliyewauma huko. Mwaka 1897 huohuo Ronald Ross alikuwa India, ndiyo kwanza anaviona vimelea ndani ya tumbo la mbu kwa darubini. Wakulima wa Usambara walishakuwa na jina. Ujuzi huo ulikuwa umeketi nyumba ya pili kutoka kwangu, ukaja hadi mlangoni na chandarua kwapani.

Usiku wa pili, mtoto bado hajafumbua macho, mke wangu alitoa daftari kwenye mkoba. Sijui kwa nini alikuwa nalo. Labda kwa ajili ya risiti. Akaweka kidole kwenye mstari wa vyandarua. "Hii pesa ilikwenda wapi?"

"Kwenye feni."

"Na bibi anasema alileta chandarua."

Nikamwambia yote palepale kwenye ukumbi wa hospitali, kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa. Mstari wa maji ukutani. Maswali yake matatu ambayo sikuyauliza. Sanduku lisilo na kitu. Nilitegemea atalia au atanipigia kelele. Alikunja daftari, akaingia wodini kukaa na mtoto, na kwa siku nne aliongea nami mambo ya maji na nguo tu. Sikumwomba anisamehe upesi. Hilo peke yake naona nililifanya sawa.

Tulipokuwa tunaruhusiwa, daktari alipitia kadi ya mtoto ya Njombe, akaona zile nimonia. Akauliza nyumba tulikuwa tunaipasha joto kwa kitu gani. Nikamwambia, kwa jiko la mkaa, madirisha tumefunga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba moshi wa ndani huumiza sana mapafu ya watoto wadogo, na kwamba mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaweza hata kuua. Hakusema kwamba moshi ndio uliomtesa mwanangu, wala mimi siwezi kuapa hivyo. Baridi nayo ilikuwepo. Lakini nilitembea hadi kituo cha bajaji nikiwaza kwamba huenda nilivuka nusu ya nchi kumkimbiza mtoto kutoka kwenye jiko nililoliwasha mwenyewe, wakati dirisha lililofunguliwa kidogo na jiko lililobaki nje vingemsaidia. Wazo hilo haliniachi. Sijamwambia mke wangu kwa maneno mengi, lakini alikuwepo, alisikia.

Siku tuliyorudi nyumbani nilikwenda kwa bibi, nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, mwanangu, mtoto yu hai," akanipa kile chandarua. Kesho yake nilinunua vingine viwili vyenye dawa. Kisha nikachukua mabaki ya mbao za wateja na mita kadhaa za wavu, nikatengeneza fremu za madirisha manne na mlango wa nyuma. Kazi yote ilichukua siku moja na nusu. Mimi ni fundi seremala. Mbao za mabaki zilikuwepo Februari, Machi, Aprili, zimeegemea ukuta uleule chini ya dirisha ambalo watoto walilala. Kila fremu niliyoigongea msumari ilinirudishia jambo hilo.

Hatukurudi Njombe. Kodi ya mwaka ilikuwa imeshalipwa, binti alikuwa anashika masomo, na kifua cha mdogo kimeendelea kunyamaza. Miguu yake ilichukua wiki kadhaa kupata nguvu. Alitembea akishika ukuta kama mtoto anayeanza. Sasa anakimbia.

Novemba, kodi ikiwa inakaribia kuisha, tulianza kutafuta nyumba nyingine. Vuli ilikuwa inanyesha. Dalali alituita twende kuangalia, nami nikasema tungoje mvua ikatike. Mke wangu akasema hapana, leo ndiyo siku yenyewe. Alivaa mabuti yangu ya mvua, akachukua daftari, akaniachia watoto. Alikwenda nyumba tatu. Katika kila moja alipita kwanza kwa majirani, kushoto na kulia, akauliza maji yanasimama wapi, nani aliugua mwaka huu, kisima kina chumvi au hakina. Alirudi magharibi, sketi imelowa hadi magotini, akaketi kwenye kizingiti na kuvua mabuti.

"Ile ya kwanza hapana," akasema. "Ya pili nitarudi kesho, jirani mmoja hakuwepo."